Hodi ya Tatu

Mjukuu wangu anayesoma shule ya hapa Kilakala alirudi wiki jana na neno jipya la Kiingereza mdomoni. Halo. Akiingia nyumbani ni halo, akimwita mwenzake ni halo, hata mbuzi wa jirani kaambiwa halo. Nikamuuliza maana yake nini. Akasema ni salamu. Baadaye akasema ni neno la kumwita mtu usiyemwona, kama wanavyofanya kwenye simu. Kesho yake akaja na maana ya tatu, kwamba ukikuta jambo la kushangaza pia unasema halo. Nikamwambia basi hao Waingereza wana neno moja la kutumwa kila mahali, lakini ile kazi ya kumwita usiyemwona, sisi tuna neno lake, na neno lenyewe ni hodi. Akabisha. Eti hodi ni ya mlangoni tu. Mtoto wa miaka kumi na miwili ananifundisha mimi hodi.

Nyumba nzima ikacheka, kwa sababu kwangu hodi ni kichekesho. Mtu hajamaliza kuitamka nimeshajibu karibu. Nikiwa jikoni, nikiwa kitandani naumwa, nikiwa nasali ndiyo nashindwa, lakini nikitoa salamu ya kumaliza sala tu karibu inatoka. Muuza mkaa ananiita Bibi Karibu. Wanangu wanadhani ni uzee. Uzee si huo. Mjukuu huyu nimemwahidi nitamwandikia maana ya hodi aipeleke kwa mwalimu wake, na nikishaandika nitaona kama nitampa.

Nilizaliwa juu milimani, upande wa Kinole, Mdachi, yaani Mjerumani, akiwa ameshajenga boma lake Morogoro. Milango yetu ilikuwa mafito yaliyofungwa kwa kamba za migomba, mbuzi akiamua kuingia anaingia. Mtu ndiye hakuingia. Alisimama nje ya mchirizi, pale maji ya paa yanapodondokea, akasema hodi, akangoja aambiwe karibu. Hapo alipokuwa hajavuka mchirizi alikuwa bado yuko njiani, hata kama mmeshaonana macho kwa macho.

Na haikuwa ya mlangoni tu. Ukielekea kijitoni mahali pa kuogea, unasema hodi kabla hujapinda kona, na kama wanawake wapo watakujibu tupo, na wewe utakaa hapo hapo na ndoo yako mpaka wavae. Ukikatiza shamba la watu unasema hodi hata kama humwoni mtu. Mume alisema hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Msibani peke yake ndiko hakukuwa na hodi, huko unaingia moja kwa moja unalia. Ndiyo maana mtu akikuingilia ndani kimya kimya, watu wazima walimuuliza kuna nani kafa, na hilo lilikuwa karipio kubwa, mtu aliweza kukaa mwezi hajakanyaga kwako tena kwa aibu.

Mwenye hodi kuliko wote alikuwa mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye neno la mwisho. Ardhi anaigawa yeye, mpwa anamwoza yeye. Baba yangu alifariki nikiwa sijaota meno, kwa hiyo mimi mwanamume niliyemjua ni huyo. Alikuwa mrefu, mpole, na mbishi kupita kiasi katika jambo hilo moja.

Alikuwa na utaratibu wake. Hodi ya kwanza aliisema chini, kwa ajili ya mtu aliye karibu. Kisha anangoja muda wa mtu kuweka mchi chini na kujifuta mikono. Ya pili anaipandisha kidogo, ya mtu aliye nyuma ya nyumba. Anangoja tena, muda ule ule. Ya tatu ni ya mtu aliyelala. Baada ya hapo haongezi. Anageuka anaondoka, hata kama ametoka mbali.

Na alikuwa anatoka mbali. Kutoka kwake hadi kwetu ni asubuhi nzima ya kupanda na kushuka. Siku moja tulikuwa tumelala mchana, mama na mimi, tumechoka na kutwanga mpunga. Mjomba akafika, akasema zake tatu, hatukusikia, akarudi kwake na njaa. Jirani ndiye aliyetuambia. Alipokuja tena mama alimsema mpaka akamaliza. Hii ni nyumba ya mdogo wako, alimwambia, ungeingia tu utuamshe, umerudi na njaa yako kwa faida ya nani? Mjomba alikuwa anakula, akamaliza tonge lake kwanza.

"Hodi tatu hazijajibiwa, wenyewe hawapo au hawakutaki," alisema. "Yote mawili, ondoka."

Mama akasonya. Mimi nilicheka, nilikuwa mdogo, na mjomba akanitazama na kunikonyeza. Sikujua kwamba nilikuwa nafundishwa.

Watu wa serikali hawakuwa na hodi. Kodi ilipoanza kudaiwa, na baadaye watu walipotakiwa kwenda kufanya kazi kwenye reli, askari walikuwa wanapanda na orodha kutoka kwa jumbe, wanaingia ndani na viatu, wanapindua vitanda. Kuku waliondoka nao. Nyumba ya jirani yetu waliingia mkewe akiwa anajifungua. Watu wakawa wanaulizana kijitoni kama hao askari wana mama zao, na jibu lilikuwa hawana.

Mwaka huo jina la mjomba likaandikwa. Jumbe alisema kila kijiji kitoe wanaume wa reli, na yeye, aliyekuwa mtu mzima na shamba zima mikononi, akaandikwa pamoja na vijana. Mjomba alikataa, lakini hakukataa kwa mdomo. Alihamia kwetu, akalala kwenye chumba cha nyuma, na kila asubuhi mama alimwonyesha mlango wa uani na njia ya migombani, jinsi atakavyopita wakija. Askari walikuja mara mbili. Walikuja kwa vishindo, mbwa wakawabwekea kutoka kilima cha pili, na mara zote mbili mjomba alikuwa ameshafika msituni wao wakigeuza mikeka yetu. Waliokamatwa wakikimbia walikuwa wanalambwa hamsa ishirini za kiboko barazani kwa akida, mkubwa wa majumbe. Hilo tulilijua, kwa hiyo tulikuwa na hofu, ila tulishaanza kuamini tunawaweza.

Mara ya tatu alikuja askari mmoja peke yake, mchana, bila kishindo. Mtu mzima, mvi zimeanza. Nilikuwa nimekaa ndani napepeta mchele, mama yuko na sufuria, mjomba anasuka kamba. Tukasikia kutoka nje ya mchirizi:

"Hodi."

Chini, kama ya mtu aliye karibu. Mama alichungulia kwenye upenyo wa ukuta, akaona kofia na bunduki, akamwonyesha mjomba mlango wa uani kwa kidole. Mjomba akanyanyuka. Alikuwa ameshashika fito la mlango ule wa nyuma, na migomba ilikuwa hatua tano tu. Yule mtu nje alingoja. Alingoja muda wa mtu kuweka mchi chini na kujifuta mikono. Kisha akasema tena hodi, akaipandisha kidogo.

Mjomba akasimama. Nilimwona usoni, na nasema nilivyoona, hakuonekana mtu mwenye hofu. Alionekana mtu aliyeitwa jina lake. Mama akamrukia amzibe mdomo, akachelewa.

"Karibu," mjomba akasema.

Akazunguka, akapita katikati yetu, akatoka kwa mlango wa mbele. Akampa askari kigoda. Akaniita nilete maji, nikaleta kwa kata, nusu yakamwagika njiani. Mama hakutoka. Mjomba mwenyewe akaingia kuchukua ndizi za kuchoma kwenye jivu, na mama akamshika nguo akamwambia kwa sauti ya chini kwamba bado ana nafasi, apite nyuma, askari anakunywa maji.

"Ameuliza," mjomba akamjibu. "Wale wengine hawakuuliza."

Wakala ndizi pamoja, wakazungumza habari za mvua. Askari akamwambia kama anayemwambia shemeji yake kwamba atakwenda naye Morogoro, na kwa kuwa hakukimbia hatapigwa. Wakaondoka kama wasafiri wawili. Kamba alimfunga walipovuka kijito, nadhani alitaka tusione. Kutoka kwetu kijito kinaonekana chote.

Mama alikuwa mtu wa hasira, na mimi nimemrithi. Siku ile hakulia. Alimtukana kaka yake, mbele yangu na mbele ya majirani, kwamba mtu mzima kajiuza kwa adabu. Kisha akaweka sheria. Katika nyumba hii, alisema, hakuna atakayejibu hodi tena, ya mtu yeyote, na atakayejibu nitamkata ulimi. Yeye mwenyewe akirudi kutoka shamba atakohoa mara mbili, na mimi nikirudi vivyo hivyo. Asiyekohoa hatumjui. Alihamishia kuku porini, akahamishia moto nyuma kwenye migomba ili moshi usionekane paani. Ukifika kwetu mbele ulikuta nyumba ya watu waliohama. Majirani walikuja, wakasema hodi zao, sisi tumekaa ndani tunatazamana. Wakachukia, wakaacha kuja. Mama akasema ahsante.

Miezi ikapita, mimi nikavunja ungo, nikawekwa ndani. Wa siku hizi hawajui kuwekwa ndani ni nini. Mwali alikaa chumbani, hatoki mchana, hapazi sauti, haonekani na mwanamume yeyote. Akihitaji kitu anagonga ukuta. Kwa ukoo wetu kulikuwa na jambo moja zaidi, na bibi zangu wote walifanyiwa hivyo. Mwali hajibu hodi ya mtu mpaka siku ya kutolewa. Siku hiyo mjomba wake anasimama nje na shuka mpya mkononi, anabisha hodi, na mwali anaitikia karibu kwa sauti yake mwenyewe, watu wote wasikie. Hiyo ndiyo sauti ya kwanza ya mwanamke mzima. Bila mjomba kubisha hodi, mwali hatoki.

Mjomba wangu alikuwa relini. Wazee wa ukoo wakashauri mwanamume mwingine asimame badala yake, mama akakataa. Alikuwa anamtukana kaka yake kila siku ya Mungu, na hakutaka mtu mwingine akae mahali pake. Atarudi, alisema, siku zake za kazi zikiisha watampa ruhusa, tutamngoja. Kwa hiyo nikakaa. Wenzangu walioingia ndani pamoja nami wakatolewa, wakaolewa, mmoja akazaa. Mimi nikapitisha masika mbili chumbani, nimepauka kama chipukizi la muhogo lililoota chini ya jiwe. Maisha yangu yote yalikuwa yanangoja mtu mmoja aje aseme neno moja mlangoni. Nililijaribu jibu langu usiku na mchana kimoyomoyo, nitalisema vipi, kwa sauti gani.

Alikuja mchana. Mvua ilikuwa imetoka kukatika, majani ya migomba bado yanadondosha, mama yuko kwenye mpunga. Nikasikia miguu kwenye tope, polepole, na fimbo. Hakukohoa. Akasimama pale pale kwenye mchirizi.

"Hodi."

Sauti sikuijua. Ilikuwa imekwaruzwa, kama ya mtu aliyekula vumbi mwaka mzima. Lakini ilisemwa chini, kisha akangoja. Mimi ndani nikaweka mchi chini kwa mawazo, nikajifuta mikono, na hapo hapo nilipomaliza kujifuta ikaja ya pili, imepandishwa kidogo. Hakuna mtu mwingine duniani aliyepima hivyo, isipokuwa yule askari, na yule askari angekuja na viatu, na huyu alikuwa miguu mitupu.

Nilijua ni yeye. Sisemi nilidhani, nilijua. Nikajisogeza ukutani, nikachungulia. Nikaona blanketi lililoraruka, bega lililotoka mfupa, na kichwa kilichoinama kinasikiliza.

Nimejiuliza tangu siku hiyo kwa nini sikufungua mdomo, na majibu ninayo mengi, yote ya kweli. Mama alikataza. Mwali hapazi sauti. Hodi ile niliruhusiwa kuijibu, lakini siku yake, mbele ya kungwi na wanawake wote, wala si nikiwa peke yangu na panya. Nikiijibu hovyo nitakuwa nimejitoa ndani mwenyewe, na mwali aliyejitoa ni aibu mpaka kaburini. Tena nilikuwa mtoto mwenye kiburi cha utii, sikuwahi kukosea sheria hata moja masika zote mbili. Na nilidhani kwamba mtu aliyelala relini na kusukumwa na askari miaka yote hiyo atakuwa ameshaacha mambo yake, hodi ya tatu ikipita atasukuma tu mlango aingie, na hapo kosa halitakuwa langu.

Akaisema ya tatu. Ilikuwa ya mtu aliyelala, ilijaa uwanja mzima. Nikauma ngumi. Akangoja muda wake. Halafu akaongeza kungoja, na hilo hakuwahi kulifanya maishani. Kisha akainama chini ya paa, akaning'iniza kitu kwenye fito, akageuka. Nikasikia fimbo ikishuka kwenye tope mpaka kijitoni.

Mama alirudi jua likiwa linaelekea kilimani, akakohoa mara mbili. Sikumsikia akiingia. Alikuwa amesimama nje, na kile kitu kilichoning'inizwa kwenye fito kiko mikononi mwake. Pakacha dogo. Ndani mna chumvi, nyingi kuliko tuliyowahi kuwa nayo kwa mara moja, na chini yake shuka ya marekani, mpya, imekunjwa, ina mkunjo wa dukani. Alikuwa amehesabu umri wangu huko huko relini.

Mama akaja kwenye mlango wa chumba changu.

"Hukuijua sauti?"

"Niliijua."

"Mbona hukujibu?"

"Ulinikataza, mama."

Akatupa jembe, akakimbia. Mama yangu alikuwa mtu mzima mwenye magoti mabovu, na alishuka njia ile akimwita kaka yake kwa jina, hadharani, jambo ambalo dada mdogo hafanyi. Akavuka kijito, akapanda kilima cha pili. Huko alimkuta mwanamke anachimba viazi, akamwambia mtu wa blanketi alipita zamani, na kwamba wakati wa kupanda alimsalimia vizuri, akamuuliza kama mwali wa nyumba ile ya juu bado hajatoka, naye akamjibu bado yumo ndani, na mama yake yupo. Mama akarudi giza likiwa limeshaingia. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Kwa hiyo alijua tupo. Alikuwa anatoka kuulizia. Mtu wa kusema wenyewe hawapo au hawakutaki, moja lilikuwa limeshaondolewa, likabaki la pili peke yake. Akaacha chumvi na shuka, na akaondoka kama alivyosema siku zote kwamba mtu aondoke.

Baadaye mtu wa kwetu aliyepeleka ndizi Morogoro alimwona. Alijiandikisha tena kwenye reli, safari hii kwa hiari yake. Mama akatuma maneno kwa kila aliyeshuka, kwamba arudi, kwamba ilikuwa ni sheria ya kuogopa askari, kwamba ni yeye aliyeiweka. Sijui kama yalimfikia. Reli ilikwenda Kilosa, ikaenda Dodoma, ikaenda mbele huko, naye akaenda nayo, na hakuna aliyetuletea habari zake tena. Chumvi tuliila. Ilikuwa chumvi, tungefanyaje.

Mwezi uliofuata mama akakubali. Ukoo ukamleta mwanamume mwingine, mtu mwema, sina neno naye. Wanawake wakajaa uwanjani, ngoma zikapigwa, kungwi akanifunga ile shuka ya marekani, imenikaa sawasawa. Ngoma zikanyamaza. Nikamsikia yule mwanamume akisogea kwenye mchirizi, akisafisha koo. Akaanza kusema hodi, na kabla hajafika mwisho wa neno nikajibu karibu, kwa sauti kubwa mpaka kuku wakaruka.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Walipiga vigelegele huku wanacheka, wakasema huyu mwali wetu ana haraka ya kutoka, mumewe atakoma. Nikatoka, jua likaniumiza macho, nikatafuta uso wa mama kati ya nyuso zote zile. Yeye alikuwa amegeukia kijito.